Blanketi la Siku Tisa

"Siku tisa," alisema Kola, akautua mfuko wa nyuzi juu ya mashine kama anayetua gunia la mkaa. "Mama kafanyiwa upasuaji wa goti, anatoka hospitali Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka limkute nyumbani."

Sindano, fundi wa masweta, alisimamisha mashine. Alikuwa katikati ya mkono wa sweta la shule, na mkono wa sweta ukiusimamisha katikati lazima uhesabu upya. Kola alilijua hilo. Miaka mitatu alikuwa akiambiwa, na miaka mitatu alikuwa akisahau.

"Blanketi la kitanda kizima kwa siku tisa?"

"Si kufuma tu? Kazi ya vidole. Wewe unakaa, vidole vinakwenda."

Mama Masweta, mwenye karakana, aliguna kutoka mezani kwake pasipo kuinua kichwa. Yeye ndiye aliyempa mwanaume huyo jina la Kola, kwa sababu ya kola za mashati yake, zilizopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Kola alifanya kazi ofisi ya bima, ghorofa ya pili, meza ya karibu na mlango. Lakini ukimsikiliza anavyoongea ungedhani jengo lote limeegemea bega lake, na siku akichukua likizo litaanguka.

Sindano naye jina lake alilipata humo humo karakanani, kwanza kwa wembamba, pili kwa mdomo. Alikuwa na maneno makali kwa kila mtu: wauza nyuzi, walimu wanaoagiza masweta dakika ya mwisho, majirani wanaoanika nguo kwenye kamba isiyo yao. Kwa Kola peke yake ndiko makali yalikofia. Mama Masweta alishamuuliza mara kadhaa anachokiona kwa yule bwana zaidi ya wanga wa nguo, na Sindano hakuwahi kuwa na jibu la maana.

Jibu alikuwa nalo, ila alionea haya udogo wake. Mwaka wa kwanza aliumwa homa ya matumbo. Kola alikaa kando ya kitanda chake siku mbili, akimmenyea machungwa na kumtolea mbegu moja moja. Basi. Siku mbili hizo Sindano alikuwa amezila miaka mitatu, akiziongezea maji kila zilipokaribia kuisha.

Baada ya hapo machungwa yalikoma. Alipompitia ofisini mara moja kumpelekea mwavuli, Kola aliwaambia wenzake, "Huyu ni fundi wangu," akaupokea mwavuli, akarudi kukaa. Kila alipoulizwa lini atampeleka kwa mama yake, jibu lilikuwa mwezi ujao. Mwezi ujao ulishapita mara thelathini na zaidi.

Ndiyo maana siku ile ya mfuko wa nyuzi, Kola alipoinama na kusema kwa sauti ya chini, Sindano aliuachia mkono wa sweta.

"Blanketi hili ndilo litakalokutambulisha. Mama anaheshimu mtu wa kazi ya mikono. Alikuwa mkunga, unajua. Akishalijua joto lake, mlango umefunguka."

Sindano akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na nyuzi za sufu za rangi mbili, damu ya mzee na kijivu, nyembamba kama za soksi za mtoto mchanga. Alimweleza kwamba uzi huu si wa blanketi. Kola akasema uzi ni uzi, akatazama saa, akaondoka.

"Mwanaume aliyenunua uzi wa soksi kwa ajili ya magoti ya mama yake," alisema Mama Masweta, "hata kaburi lake atachimbiwa fupi."

Kwa uzi ule na sindano ya kawaida ya kroshia, blanketi lingechukua miezi miwili. Sindano alikaa nao akaufikiria. Kisha akachukua bonge moja la damu ya mzee na moja la kijivu, akaunganisha nyuzi mbili zikawa kitu kimoja, akatafuta sindano nene kuliko zote alizonazo, ile ya mti yenye unene wa kidole na ndoano kichwani. Hakufuma vipande vya mraba vya kuunganishwa, ambavyo kazi yake ya kuunga ni ndefu kuliko ya kufuma. Alianza kipande kimoja tangu mwisho hadi mwisho, vitanzi virefu, mstari uende, ugeuke, urudi. Nyuzi mbili zikilala pamoja huacha nafasi katikati, na nafasi hiyo ndiyo inayoshika joto. Siku ya tatu blanketi lilikuwa limefika magotini pake, na alfajiri akifuma alikuwa hahitaji shuka.

Alifuma kabla ya kwenda kazini. Alifuma mchana wenzake wakila, sahani yake ikipoa pembeni. Alifuma kwenye benchi la zahanati alipokwenda kuonyesha bega, kwa sababu bega lilianza kuuma siku ya tano, na mhudumu aliyemwita ilibidi amwite mara tatu. Kidole cha shahada kilifanya lengelenge, akakifunga plasta, akaendelea. Na muda wote huo alikuwa akiongea kimoyomoyo na mwanamke asiyemjua. Alimwuliza magoti yanauma upande gani. Alimwambia hapa nimekaza kidogo, mama, kwa sababu pembeni ndiko baridi inakopenya.

Siku ya tisa Kola alikuja kulichukua. Alilikunja pasipo kulifunua, akalishindilia kwenye mfuko, kisha akasita.

"Ungeacha hii rangi ya kijivu, lingependeza zaidi."

Sindano akamkumbusha kwamba kijivu alikinunua mwenyewe. Kola akasema haya, akaondoka.

Jumatatu ulikuja ujumbe: *Mama amefurahi mno. Anasema Mungu akubariki mikono.* Sindano aliusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. Akaomba azungumze na mama japo kwa simu. Kola akajibu simu ya mama imeharibika, imeingia maji. Wiki ikapita, ikapita ya pili, simu ya mama haikukauka.

Wiki ya tatu, Jumatano, aliingia mgeni karakanani. Alitumwa na Mama Masweta mwenyewe, ambaye alikuwa ameng'olewa gego siku iliyotangulia na bado shavu lilikuwa limevimba. Mgeni huyo ndiye aliyemng'oa. Alikuwa daktari wa meno wa kliniki ya barabara ya juu, na wakati akimshona fizi alikuwa akiitazama shali ya kufuma aliyojifunika mgonjwa wake. Sindano ilipotoka kwenye fizi, Daktari aliuliza shali ile kafuma nani, na kama mtu huyo anaweza kufundisha.

Sindano alimpima kutoka utosini hadi unyayoni. Viatu vya ngozi. Pochi ya kufunguka kwa mlio. Akilini akamweka kwenye lile kabati la watu wanaotaka kujifunza kufuma kwa sababu wameona picha, kisha wanaacha mstari wa pili.

"Unataka kujua kwa muda gani?" alimuuliza.

"Mpaka Ijumaa."

"Hii Ijumaa?"

"Ndiyo. Si kufuma kitu kizima. Nataka kuweza kurekebisha kona ya blanketi mbele ya mtu, na mtu huyo aamini kwamba nililifuma mimi."

Sindano alitaka kucheka. Dharau ilimpanda mpaka kooni. Alikuwa ameshona masweta ya watoto wa watu miaka minane, na sasa anakuja mtu mwenye digrii anataka kuazima mikono kwa siku mbili kama anayeazima sufuria. Lakini Mama Masweta alikuwa akimtazama na lile shavu lake, basi akavuta kiti.

Daktari alitoa simu, akamwonyesha picha ili aelewe ni mshono wa aina gani.

Mwanamke wa makamo amekaa kwenye kiti cha mikono. Kando yake gongo la kutembelea. Magotini, mpaka chini kwenye vidole vya miguu, blanketi la damu ya mzee na kijivu, nyuzi mbili kwa pamoja.

Hakuna fundi asiyeijua kazi yake. Sindano aliishika ile simu, akaiona mistari aliyoifuma kwenye benchi la zahanati, ambapo mkono ulikuwa unauma na vitanzi vilikaza. Uso wake haukuonyesha kitu. Aliuliza tu, kama anayeuliza hali ya hewa, huyu mama ni nani.

Daktari hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alisema ni mama mkwe wake mtarajiwa. Alisema mchumba wake alilinunua mahali fulani, akampelekea mama yake aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, na hapo hapo, wote wakiwa wamekaa, akamwambia mama kwamba blanketi hili kalifuma Daktari kwa mikono yake.

"Mama hakuwa ananiamini," alisema. "Alisema sisi watu wa kliniki hatuna muda wa kukaa na mtu. Basi mwanawe akaona njia ya mkato. Na mimi nikaitikia. Nilipaswa kusema kweli pale pale, sikusema. Sasa kona imefumuka, na mama anataka nije Jumamosi niirekebishe huku tunapiga soga."

"Huyo mchumba wako anafanya kazi wapi?"

"Bima. Ghorofa ya pili."

Mama Masweta, ambaye alikuwa akijifanya anapanga vifungo, aliacha kupanga vifungo.

Sindano aliweka uzi na sindano mkononi mwa Daktari, akamfundisha kitanzi cha kwanza. Alifanya hivyo kwa sababu alihitaji muda, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inajua la kufanya wakati kichwa hakijui. Alingoja vidole vile vishindwe. Havikushindwa. Kucha zilikuwa fupi, mkono umetulia, na mvutano wa uzi ulikuwa sawa kila mahali. Baada ya saa moja Daktari alikuwa na mistari minne iliyonyooka kuliko ya wasichana wengine waliokuwa wameshinda karakanani mwezi mzima.

"Nashona fizi," alisema Daktari alipoona anatazamwa. "Uzi ni mwembamba zaidi na mtu anatetemeka."

Hilo lilimuudhi Sindano kuliko kila kitu. Alikuwa ameshajiandaa kumdharau mtu huyu, na mtu mwenyewe hadharauliki. Basi dharau yote ikabaki mikononi ikitafuta pa kwenda, na ilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

"Nataka usikie kitu," alisema. "Usikohoe."

Akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Kola alipokea kwa furaha, akaanza kueleza jinsi alivyochoka, jinsi ofisi nzima inavyomtegemea. Sindano akamwacha amalize.

"Mama anaendeleaje na blanketi?"

"Wee acha tu. Analala nalo, anaamka nalo. Mgeni akija anaambiwa, hii kazi ya mkwe wangu."

"Mkwe gani?"

"Kwani anao wangapi? Wewe, mpenzi."

Daktari aliinua kichwa taratibu.

"Basi Jumamosi hii twende nikamsalimie," alisema Sindano.

"Jumamosi hii nina semina. Siku nzima. Mwezi ujao nakuahidi, tena kwa heshima zote."

"Na simu yake? Haijatengenezwa?"

"Bado. Ile imekufa kabisa."

Simu ilipokatika, hata mashine ya pili ilikuwa imesimama. Daktari aliuliza swali moja.

"Muda gani?"

"Miaka mitatu. Wewe?"

"Miezi saba. Asubuhi hii nimeongea na mama yake kwa simu hiyo iliyokufa. Na Jumamosi semina yenyewe iko sebuleni kwa mama, mimi na yeye." Akaitazama pete kidoleni. Akaivua kwa namna anavyovua glovu baada ya mgonjwa, kwa kuvuta mara moja, akaitia kwenye pochi, pochi ikalia. "Nimeng'oa meno yenye mizizi kumshinda huyu."

Mama Masweta alicheka, kisha akalishika shavu lake kwa maumivu.

"Sasa nionyeshe tena," alisema Daktari, akiokota sindano, "pale unapogeuza mstari."

Asubuhi yake, akinawa uso kwenye beseni, Sindano alilia kidogo. Alijiambia ni bega. Lakini alijua vizuri kwamba hakuwa anamlilia Kola. Alikuwa anazililia zile alfajiri tisa alizozungumza na mama wa watu kimoyomoyo, na mama mwenyewe alikuwa akimshukuru mtu mwingine. Akajifuta, akaenda kazini, akamaliza mikono sita ya masweta kabla ya chai.

Jumamosi Daktari alimpitia na gari. Njiani Daktari alisema hatamdanganya tena yule mama, hata kama itakuwa aibu, na Sindano akasema yeye anakwenda kwa ajili ya kona tu, kazi yake haiwezi kukaa kwa mtu ikiwa imefumuka.

Mkunga mstaafu alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, blanketi limemfunika mpaka kiunoni. Ukutani kilikuwepo cheti chake cha ukunga ndani ya fremu, na saa kubwa ya kuhesabia sekunde. Kola alitoka jikoni na birika mkononi, taulo begani, uso umejaa tabasamu la mwana mwema. Akamwona Daktari. Akamwona aliye nyuma ya Daktari. Birika likainama, maji ya moto yakamwagikia zulia.

"Ah," alisema. "Fundi wa masweta. Mmekutana wapi?"

Sindano alimwinamia mama, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni nani?"

"Nimekuja kuitengeneza hiyo kona."

Akapiga magoti kwenye zulia, akaiokota kona, akatoa sindano yake nene na mabaki ya nyuzi mbili. Mkunga alimtazama mikono, wala hakumtazama uso. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwa kutazama mikono ya wenzake, anajua ipi inafahamu inakokwenda. Vitanzi vilirudi mahali pake kimoja kimoja, na plasta mpya ilionekana kwenye kidole cha shahada.

"Wewe ndiye uliyelifuma," alisema Mkunga. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Daktari alikuwa bado amesimama. Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa kwamba jino haliokoleki, kwamba siku ile aliitikia uongo wakati alipaswa kusema kweli, kwamba anaomba radhi, na kwamba Jumatano, kwenye simu, Kola alimwita Sindano naye mkwe wa nyumba hii.

"Wewe nilijua," Mkunga akamjibu. "Niliuliza siku ngapi, ukasema wiki mbili, na huyu mwanangu wakati huo huo akasema siku tisa. Nikasema moyoni, hapa pana mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani. Ndipo nikaifumua kona mwenyewe. Nilitaka kuona atakayeletwa kuirekebisha." Akamgeukia mwanawe. "Nilidhani utaleta uongo mwingine. Kumbe mwenzio ana adabu, amemleta mwenyewe."

Kola aliliweka birika chini. Akarekebisha kola.

"Mama, jambo hili lina maelezo yake. Nilitaka tu kukufurahisha. Watu wanalichukulia vibaya kwa sababu hawaoni picha kubwa."

"Keti," alisema Mkunga. Kola akakaa. "Nimezalisha miaka thelathini na moja. Nimewaona wanaume wakizimia mlangoni. Nimewaona wakikimbia, wengine mpaka leo hawajarudi. Lakini mwanaume anayemfumisha mwanamke mmoja, akachukua jasho lake, akampamba nalo mwingine ili mama yake amkubali, huyo sikuwahi kumwona. Nimestaafu, nikadhani nimeona kila kitu. Kumbe cha ajabu zaidi nilikitoa mwenyewe."

"Mama, mbele ya watu."

"Watu gani? Mmoja ulisema ni mkwe wangu na mwingine ulisema ni mkwe wangu. Hapa tumekaa kifamilia." Akalivuta blanketi likae vizuri. "Toka nje. Tuna mazungumzo, na wewe humu unatuzibia hewa."

Akatoka. Walimwona kupitia dirishani akikaa kwenye ngazi, mgongo umenyooka kwa sababu shati halikuruhusu vinginevyo, simu mkononi, vidole vikienda mbio. Sindano hakukumbuka kuviona vidole vile vikifanya kazi kwa bidii namna ile.

Simu yake ikatetemeka mezani. Kabla hajaishika, ya Daktari nayo ikatetemeka.

"Someni," alisema Mkunga. "Miwani yangu iko mbali."

Sindano akasoma: *Naomba unisikilize. Nimekosea lakini wewe ndiye pekee unayenielewa. Huyo mwingine hana maana yoyote kwangu.*

Daktari akaitazama yake. Akaisoma pia, polepole, neno kwa neno. Ilikuwa ile ile. Hakubadilisha hata nukta.

Wakatazamana. Mkunga akauliza kama na yeye atapata. Kabla hajamaliza kusema, simu ile iliyoingia maji, iliyokufa kabisa, ikalia chini ya blanketi. Mama akaipapasa, akaitoa, akampa Sindano aisome.

*Mama naomba unisikilize. Nimekosea lakini wewe ndiye pekee unayenielewa.*

"Ameniondolea ile ya huyo mwingine," alisema Mkunga. "Ana heshima kidogo."

Walicheka wote watatu. Mkunga alicheka mpaka akashika goti lililofanyiwa upasuaji, Daktari akamwambia asilikunje, na Sindano akajikuta amekaa chini zuliani, machozi yanamtoka, na safari hii hakuyasingizia bega. Kule nje Kola alikisikia kicheko, akageuka kuangalia dirishani. Aliona vichwa vitatu vimeinamia simu moja. Akasimama, akajipangusa suruali, akaondoka na wala hakuaga.

Baadaye mama alimwuliza Sindano alilifuma vipi hata likawa na joto namna ile kwa nyuzi nyembamba hivyo. Sindano akamweleza habari ya nyuzi mbili na sindano nene. Akamweleza pia kwamba pembeni alikaza. Mkunga akapitisha kidole kwenye ukingo wote, tangu kona hii mpaka kona ile, akasema ndiyo, alikuwa ameliona hilo usiku wa kwanza, akajiuliza ni nani huyu anayejua baridi inapita wapi.

Daktari alirudisha pete kwa barua fupi iliyopelekwa ofisini kwa Kola, ghorofa ya pili, ikapokelewa na mwenzake wa meza ya jirani, kwa hiyo mpaka mchana ghorofa zote zilikuwa zimeisoma. Kujifunza kufuma hakuacha. Kila Jumatano jioni alikuja karakanani, akakaa na Mama Masweta na kubishana naye juu ya gego la pili. Sindano akawa anakwenda kwa Mkunga kila anapopata nafasi, wakati mwingine na Daktari, wakati mwingine peke yake, na mama alipoanza kutembea bila gongo walikwenda wote sokoni kuchagua nyuzi nzito.

Mwezi ulipopita Kola alikuja karakanani. Alikuja mchana, wateja wamejaa, akasimama katikati ya masweta ya shule yaliyotundikwa, mikono mitupu ya masweta ikimgusa mabega pande zote. Alikuwa amekonda kidogo. Shati lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja.

Alisema mama yake haongei naye ila mambo ya dawa. Alisema mama ametamka wazi kwamba akitaka kurudi pale nyumbani kama mwana, aje na Sindano au aje na adabu, na adabu hajui pa kuipata. Kwa hiyo amefikiria sana, na ameona ampe Sindano nafasi.

"Nafasi gani?" aliuliza Sindano. Mashine haikusimama.

"Ya sisi. Nikutambulishe rasmi. Kwa mama."

"Mama ananifahamu. Jumapili nilikuwa kwake."

"Unajua nina maana gani. Miaka mitatu si mchezo. Nakumbuka ulivyoumwa ile homa. Nilikumenyea machungwa."

Sindano alimaliza safu, akahesabu vitanzi, akaona viko sawa. Kisha akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie, kwa utulivu, kama anavyotazama uzi uliorudishwa na mteja.

"Yalikuwa machungwa mazuri," alisema. "Nilipona. Asante."

Kola alingoja. Alidhani kuna sehemu ya pili ya sentensi. Haikuwepo. Mashine ilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma yake akiwa na orodha ya masweta arobaini akamwomba kwa upole asogee, anazuia njia.

"Huyu mteja anataka nini?" aliuliza Mama Masweta kutoka mezani kwake.

"Si mteja, Mama," alisema Sindano, akavuta mkono wa sweta uliomalizika na kuanza wa pili. "Amekosea mlango."